Ngara na Biharamulo: Kinga ya Moyo Iko Shambani, Hatari Iko Kwenye Kikaango

Na Mwandishi Wetu

Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha vifo duniani. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 pekee watu milioni 17.9 walifariki kutokana na magonjwa hayo, sawa na asilimia 32 ya vifo vyote, na kwamba asilimia 85 ya vifo hivyo vilitokana na mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa miaka mingi takwimu za namna hii zilisomwa hapa nchini kama habari za nchi tajiri. Hali haiko hivyo tena. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionesha kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wanaokaribia idadi hiyo walikuwa na lehemu iliyozidi kiwango.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo upande wa kusini wa Mkoa wa Kagera, zina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo ni njiapanda ya magari yanayotoka Dar es Salaam, Kigoma, Mwanza na Bukoba. Ni wilaya za wakulima na wafugaji, na chakula cha mezani kwa sehemu kubwa bado kinatoka shambani. Wakati huohuo, mtu anayepata mshtuko wa moyo akiwa Rulenge au Nyakahura yuko mbali sana na chumba cha upasuaji wa moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), ambayo ndiyo hospitali maalumu ya Taifa kwa magonjwa hayo, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Hospitali za rufaa za kanda zilizo karibu zaidi ni ya Chato mkoani Geita na ya Bugando jijini Mwanza, nazo pia ni safari. Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa kabla ya saa moja kwisha. Kwa sababu ya umbali huo, kinga ina thamani kubwa zaidi hapa kuliko mahali ambapo gari la wagonjwa hufika ndani ya dakika kumi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba chakula cha asili cha wilaya hizi kinakaribiana sana na kile ambacho madaktari wa moyo huwaagiza wagonjwa wao. Kinachokiharibu ni mambo machache yaliyoongezwa juu yake katika kizazi kimoja au viwili, na mengi kati ya hayo yanaweza kupunguzwa bila gharama.

Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, ni aina ya mafuta inayofanana na nta. Si sumu. Mwili huihitaji ili kujenga kuta za chembe hai, kutengeneza homoni za uzazi, vitamini D na nyongo inayosaidia kusaga mafuta tumboni. Sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini lenyewe, na sehemu iliyobaki hutokana na vyakula vya asili ya wanyama kama nyama, maini, viini vya mayai, maziwa na siagi. Mimea haina lehemu ya kutajika. Kwa hiyo chupa ya mafuta ya kupikia iliyoandikwa kuwa haina lehemu inasema kweli, lakini ni kweli isiyomsaidia sana mnunuzi, kwa kuwa hata chupa iliyo pembeni yake isiyo na maandishi hayo haina lehemu vilevile. La kuuliza ni mafuta hayo yakiingia mwilini yanalifanya ini litengeneze lehemu kiasi gani na kuiacha kwenye damu kwa muda gani.

Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, lehemu husafirishwa kwenye damu ikiwa imefungwa ndani ya vifurushi vidogo sana. Kwenye karatasi ya majibu ya maabara vifurushi hivyo huandikwa kwa herufi LDL na HDL. Aliyewahi kukaa Lusahunga akitazama malori yakielekea Rusumo atalielewa jambo hili kwa urahisi. LDL ni lori linalobeba shehena kutoka kwenye ini kwenda sehemu nyingine za mwili. Malori yakiwa mengi kuliko mahitaji, shehena humwagika kando ya barabara, yaani kwenye kuta za mishipa. HDL hupita ikikusanya iliyomwagika na kuirudisha kwenye ini. Ndiyo maana ya kwanza huitwa lehemu mbaya na ya pili lehemu nzuri, ingawa ni shehena ileile na tofauti ni inakoelekea.

Shehena iliyomwagika haikai kimya. Askari wa kinga ya mwili huishambulia, uvimbe wa mafuta na makovu hujengeka ndani ya ukuta wa mshipa, na kwa miaka kumi, ishirini au thelathini njia ya damu huzidi kuwa nyembamba bila mwenye mwili kuhisi lolote. Siku moja ganda la uvimbe huo hupasuka, damu huganda juu yake na njia hufungwa ghafla. Ikitokea kwenye mshipa unaolisha moyo, huo ni mshtuko wa moyo; ikitokea kwenye mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Shinikizo la juu la damu huharakisha kazi hiyo kwa kuchubua kuta za mishipa kwa ndani, na moshi wa tumbaku hufanya vivyo hivyo.

Uhusiano wa mambo haya na chakula ulichunguzwa mapema katika ukanda wetu wenyewe. Mwaka 1956 Hugh Trowell, daktari aliyeanza kazi Afrika Mashariki mwaka 1929, aliona ni jambo la kuandikiwa taarifa katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kumpata mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja. Miaka mitatu baadaye, madaktari A. G. Shaper na K. W. Jones waliokuwa Kampala walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kulinganisha lehemu ya Waafrika na ya watu wenye asili ya Asia waliokuwa wakiishi Uganda. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa tatizo kubwa kwa kundi la pili na karibu haukuwepo kabisa kwa kundi la kwanza, na viwango vya lehemu vilifuata mkondo huohuo. Waafrika hao walikuwa wakila ndizi za kupika, viazi vitamu, mihogo, maharage na mboga za majani, pamoja na nyama kidogo na mafuta kidogo. Mkazi wa Ngara hahitaji kuelezwa zaidi. Sinia hilo analijua.

Itakuwa kosa kuzisoma taarifa hizo kama sifa ya damu au kabila. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Kenya waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, yalionesha kuwa shinikizo la damu la waliohamia mjini lilianza kupanda mapema, ndani ya miezi ya mwanzo. Mkojo wao ulionesha kuwa walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi ikilinganishwa na madini ya potasiamu, na uzito wao ulikuwa mkubwa kuliko wa waliobaki. Walikuwa watu wa ukoo mmoja na kijiji kimoja. Kilichobadilika ni sinia na mwenendo wa maisha.

Leo hakuna haja ya kuhama ili yatokee hayo. Mji umekuja wenyewe kwa barabara ya lami. Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, Kabanga na Rusumo ni vituo ambako madereva, mawakala wa forodha, wafanyabiashara na vijana wa bodaboda hula nje ya nyumba mara mbili au tatu kwa siku, na kinachopatikana haraka ni chipsi, nyama choma, maandazi na soda. Kijana aliyezaliwa juu ya kilima akitembea saa nzima kwenda shule sasa anakaa juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi usiku. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwani barabara hiyo ndiyo pia inayoleta dawa na kupeleka mazao sokoni. Hata hivyo mwili hauhesabu maendeleo, unahesabu chumvi, mafuta na hatua.

Maharage yanastahili kutajwa kwanza, kwa sababu ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayoanza kuachwa mtu akipata fedha kidogo. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takribani gramu 15 za nyuzinyuzi, zaidi ya nusu ya gramu 25 ambazo WHO inapendekeza mtu mzima azipate kwa siku. Sehemu ya nyuzinyuzi hizo huyeyuka tumboni na kuwa kama uji mzito. Uji huo huinasa nyongo na kutoka nayo kwenye choo badala ya kuiacha irudi kwenye ini. Ini likikosa nyongo yake hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu, ambayo hulivuta kutoka kwenye damu. Hivyo sahani ya maharage inafanya kazi iliyo ndugu na ile ya dawa, polepole, kila siku, bila cheti cha daktari. Njegere, kunde, choroko na karanga zina tabia hiyohiyo, ingawa karanga zina mafuta mengi na kiganja kimoja kinatosha.

Ndizi ya kupika huleta potasiamu, madini yanayosaidia figo kutoa chumvi iliyozidi na kulegeza mishipa. Ikichemshwa pamoja na maharage, nyanya, vitunguu na mboga za majani, kisha ikatiwa kijiko kimoja cha mafuta, inakuwa mlo ambao mtaalamu wa lishe hana la kuongeza. Ndizi hiyohiyo ikikatwa na kutumbukizwa kwenye mafuta mengi yanayochemka hubeba mafuta yanayoweza kuzidisha nguvulishe yake mara mbili au zaidi. Inafaa kukumbuka kuwa mnyauko wa migomba, uliobainika mkoani Kagera mwaka 2006, uliwalazimu wakulima wengi kung'oa migomba yao. Maafisa ugani wanaopita mashambani kuhimiza usafi wa visu na kukatwa kwa maua dume wanalinda pia mishipa ya damu ya wakulima hao, ingawa taarifa zao za mwezi haziandiki hivyo.

Mafuta ndiyo mahali penye utata mwingi. Mafuta ya mawese, yanayozalishwa zaidi mkoani Kigoma, nusu yake hivi ni ya aina inayoganda, na mafuta yanayoganda huzuia ini kuondoa LDL kwenye damu. Kwenye mafuta ya alizeti sehemu inayoganda ni kama moja ya kumi tu. Hiyo haina maana kwamba dumu la mawese litupwe. Mawese mekundu yasiyosafishwa yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na mtoto anavihitaji. Maana yake ni kwamba mtu mwenye lehemu ya juu au presha asiyafanye kuwa mafuta yake ya kila siku, na kwamba mafuta ya aina yoyote yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Mkono unaomimina hauna kipimo.

Ubaya zaidi uko kwenye mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa kuongezewa haidrojeni, yanayotumika kwenye baadhi ya maandazi, biskuti na keki. Hayo hupandisha lehemu mbaya na kushusha ile nzuri kwa wakati mmoja. WHO inapendekeza yasizidi asilimia 1 ya nguvulishe ya siku, na mwaka 2018 ilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula vya viwandani. Mafuta ya kikaango yanayorudiwa siku tatu au nne hadi yanakuwa meusi nayo huharibika na kutengeneza kemikali zinazoumiza mishipa. Mteja ana haki ya kuangalia rangi ya mafuta kabla ya kuagiza chipsi.

Chumvi ina historia ndefu katika upande huu wa nchi. Kabla ya ukoloni, chumvi ya Uvinza, mkoani Kigoma, ilibebwa kichwani na kuuzwa mbali, na kwa kuwa ilikuwa ghali ililiwa kwa kubania. Sasa pakiti yake ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa dukani. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kikijumlisha chumvi ya kwenye mboga, mkate, samaki wa chumvi na viungo vya kiwandani vya mchuzi. Kikopo cha chumvi kikiondolewa mezani familia huzoea ladha mpya ndani ya wiki chache. Dagaa wakavu ni chakula bora, na waliotiwa chumvi huloekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, maji hayo yakamwagwa.

Nyama hailazimiki kuachwa. Ifutiwe mafuta meupe kabla ya kupikwa, kuku aondolewe ngozi, na samaki wa Ziwa Victoria, sato au sangara, wachukue nafasi yake mara mbili au zaidi kwa wiki wakiwa wa kuchemsha au kuokwa. Kuhusu sukari, soda na unga uliokobolewa sana, Profesa Mohamed Janabi, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wa JKCI kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, ameihimiza jamii kwa miaka kadhaa kupunguza vyote hivyo, kwa kuwa wanga unaozidi mahitaji hugeuzwa na ini kuwa mafuta. Pombe ya ndizi, ya mtama au ya chupani hupandisha shinikizo la damu, na inayonywewa nyingi kwa siku moja hudhoofisha msuli wa moyo wenyewe.

Kagera ni mkoa wa kahawa, na hapa kuna jambo dogo lisilojulikana sana. Kahawa iliyochemshwa na kumiminwa bila kuchujwa ina mafuta yake ya asili yanayopandisha LDL. Chujio la karatasi huyazuia. Mtu mwenye afya anayekunywa vikombe viwili vidogo vya jioni asikose usingizi kwa hilo. Aliyekwishaambiwa kuwa lehemu yake iko juu, naye hunywa kahawa ya kuchemsha tangu asubuhi, anayo sababu ya kuipunguza au kuichuja.

Mkulima anayepanda na kushuka vilima vya Ngara akiwa na jembe amekwishatimiza dakika 150 za mazoezi kwa wiki ambazo WHO inazipendekeza, na pengine mara kadhaa zaidi. Wanaohitaji kukumbushwa ni mtumishi wa ofisini, mwenye duka na dereva. Kwao nusu saa ya kutembea kwa haraka siku tano za wiki inatosha kuanzia. Kwa akina mama hatari iko pia kwenye moshi wa kuni, ambao chembechembe zake hupenya kwenye mapafu na kuingia kwenye damu, zikadhuru mishipa kwa namna inayofanana na moshi wa sigara. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, huzungumzwa zaidi kwa upande wa misitu. Ni mkakati wa moyo pia. Kabla ya jiko la gesi kufika, kupikia penye dirisha au nje ya nyumba hupunguza moshi anaouvuta mpishi na mtoto aliye mgongoni.

Pamoja na yote hayo, wapo wanaokula vizuri, wembamba, wachapakazi, na bado lehemu yao iko juu kwa sababu ya kurithi. Umbo la mtu halisomi damu yake. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi akiwa bado kijana, mwenye kisukari, mwenye presha, anayevuta sigara na kila aliyevuka miaka 40 anashauriwa kupimwa. Kwa jumla, maabara nyingi huhesabu lehemu yote kuwa salama ikiwa chini ya milimoli 5.2 kwa lita, lakini daktari hasomi namba hiyo peke yake. Anaangalia LDL, HDL, umri, presha na sukari kwa pamoja. Chakula kisipotosha, zipo dawa za kundi la statini, ambazo huzuia ini kutengeneza lehemu kupita kiasi. Mwaka 1994 utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi za kaskazini mwa Ulaya kwa wagonjwa 4,444 wa moyo ulionesha kuwa statini ilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja. Dawa hizo ni za kuandikiwa na daktari, na hazianzishwi wala kuachwa kwa ushauri wa jirani.

Haifai kuzungumzia moyo katika ukanda huu bila kuwataja watoto, ambao ugonjwa wao hauhusiani na lehemu. Mtoto anayepata maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria bila kutibiwa anaweza, wiki chache baadaye, kupata homa inayovimbisha viungo na kuharibu vali za moyo kwa kudumu. Wengi hugundulika wakiwa vijana, wengine wakiwa wajawazito, wakati vali zimekwishaharibika na tiba iliyobaki ni upasuaji. Koo linalouma pamoja na homa, tezi zilizovimba shingoni na bila kikohozi lipelekwe kituo cha kutolea huduma za afya, na dawa zikitolewa zimalizwe zote hata kama maumivu yameisha siku ya pili.

Kwa mtu mzima, kipimo cha kwanza ni cha shinikizo la damu, kabla hata ya lehemu, kwa kuwa ndilo linaloongoza kusababisha kiharusi na hupimwa kwa mashine isiyohitaji maabara. Kipimo hicho hupatikana kuanzia ngazi ya zahanati, na katika hospitali za Nyamiaga, Murgwanza na Rulenge wilayani Ngara, pamoja na hospitali ya wilaya ya Biharamulo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa Taifa ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kumwelekeza mwananchi mahali pa kwenda. Akina mama hupimwa wanapohudhuria kliniki ya wajawazito. Wanaume wengi hupimwa kwa mara ya kwanza siku wanapobebwa.

Presha inayofikia 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti ni ya juu. Hapo ndipo linapotokea kosa linalogharimu maisha kuliko mengine yote: mgonjwa hutumia dawa mwezi mmoja, hupimwa, huambiwa iko sawa, naye huamua kuwa amepona. Dawa ya presha huishikilia presha kama mkono unavyolishikilia tawi lililopindwa. Ukiuachia, tawi linarudi lilikokuwa, na mara nyingi kwa nguvu. Anayeona dawa inamletea kizunguzungu, kikohozi au kupungukiwa nguvu arudi kliniki abadilishiwe, kwa kuwa aina zipo nyingi. Anayetumia dawa za asili amweleze mhudumu bila kuona haya, maana baadhi ya mitishamba hupandisha presha na mingine hugombana na dawa za hospitalini.

Dalili za hatari hazisubiri kupambazuke. Maumivu au mgandamizo katikati ya kifua unaodumu zaidi ya dakika chache, hasa ukisambaa hadi mkono wa kushoto, shingo au taya, jasho la baridi, kukosa pumzi. Kwa wanawake na wenye kisukari pengine ni kichefuchefu na uchovu wa ghafla tu. Kwa kiharusi, mdomo kwenda upande, mkono mmoja kukosa nguvu, maneno kutosikika vizuri. Mgonjwa akalishwe, asitembezwe, na usafiri utafutwe mara moja. Saa ambayo dalili zilianza iandikwe kwenye karatasi na kwenda naye, kwa kuwa ndilo swali la kwanza ambalo daktari atauliza.

Anayekwenda kupimwa presha kesho asinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, akojoe kwanza, kisha akae kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano bila kuzungumza. Miguu iguse sakafu, mkono ulazwe mezani usawa wa moyo. Ipimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili, na namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari lake la kliniki pamoja na tarehe.